Mchapaji kajipachika uchapishaji wa kitabu changu, na ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) aliyonipa ni ya Hisabati!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mwezi wa tatu nilipeleka mswada wangu kwenye duka moja la uchapaji hapa Mwanza, upande wa Makoroboi. Ni hadithi za wavuvi nilizosimuliwa na babu kule Ukerewe. Jamaa kanipokea kwa soda baridi: "Mwalimu, tulia, sisi tutakuchapishia kila kitu." Nakala 300 kwa milioni moja na laki mbili, humo humo uhariri, kava, ISBN na hakimiliki. Pesa yenyewe nilikopa kwenye kikundi.

Juzi nikabeba nakala kumi kwa muuza vitabu mmoja. Mzee wa watu akavaa miwani, akaingiza namba ya nyuma ya kava kwenye kompyuta yake. Kimya. Akaingiza tena. Kisha akanigeuzia kioo: "Mwalimu, hii ni Hisabati ya Darasa la Nne. Ninayo kwenye shelfu pale." Akaenda akaileta kabisa, akaiweka kando ya kitabu changu. Tarakimu 13, zote zilezile, kuanzia 978 mpaka ya mwisho. Kuna mteja alikuwa nyuma yangu ananunua madaftari, akacheka.

Kumbe jamaa alinakili namba ya kitabu kingine akaibandika kwangu! ISBN ni ya kitabu kimoja tu. Hata ukitoa kitabu hichohicho kwa jalada gumu, jalada laini na cha kusomea kwenye simu, kila kimoja kinatakiwa kiwe na namba yake. Hapa kwetu zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwandishi anayetoa kitabu chake mwenyewe anaweza kuomba. Mimi sikulijua hilo, nikaambiwa "ipo kwenye kifurushi".

Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa pili, ule ambao hakuna anayeusoma. "Kimechapishwa na", halafu jina la duka lake! Mimi nimeandikwa mtunzi tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana mji mzima unachanganya haya maneno. Mchapaji ni mwenye mashine. Anachapa, anakata, anapiga gundi, unamlipa, mnaagana. Mchapishaji ni yule anayesababisha kitabu kichapwe: anagharamia, anasimamia mhariri na msanifu, anatafuta soko, na kitabu kikidoda hasara ni yake. Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha, kuchapa na kuchapisha, kama kula na kulisha. Aliyetoa milioni na laki mbili ni nani? Mchapishaji wa kile kitabu ni mimi!

Nikampigia. Unajua kanijibu nini? "Mwalimu usijali, tukiuza sisi tutakupa mrabaha wa asilimia kumi." Mrabaha! Mrabaha analipa mchapishaji aliyeweka pesa yake, anamkatia mwandishi fungu katika mauzo. Huyu nimemlipa kila kitu, vitabu ni vyangu, halafu anijengee hoja ya kunipa kumi abaki na tisini? Hata dalali wa sangara pale mwaloni Kirumba hana roho hiyo.

Na ile hakimiliki ya kwenye kifurushi nayo ni hewa. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi yako. Ukienda kusajili Ofisi ya Hakimiliki unajiwekea ushahidi siku ya ugomvi. Mtu wa mashine hawezi kukuuzia kitu ulichokuwa nacho tayari.

Uhariri sitausemea sana. Ukurasa wa 41 "ngalawa" imekuwa "ngawira" mara nne, wavuvi wanapanda ngawira kwenda Ukara. Na kwenye kava kaweka "Toleo la Pili", eti kwa sababu mashine ilikwama akaanza kuchapa upya.

Namtaka arudishe nusu ya pesa, yeye anasema nilisaini prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Prufu niliyosaini haikuwa na ukurasa wa pili wala kava la nyuma, na ninayo hapa. Kuna aliyewahi kumpeleka mchapaji baraza la kata akapata chochote? Huku nikisubiri nimeomba namba halali, nimeagiza stika, naziba moja moja kwa mkono. Nimefika kitabu cha 47.