.308 Winchester au .30-06 Springfield kwa anayejijazia risasi?

Mkaazi wa Kigamboni:
Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba wangu anafanya kazi katika ranchi ya wanyamapori Afrika Kusini, ambako hujijazia risasi mwenyewe, yaani hutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kutumika, na ameahidi kunifundisha nitakapomtembelea. Amenitaka nichague kati ya aina mbili za risasi za raifo, .308 Winchester na .30-06 Springfield, kabla sijapeleka maombi ya leseni hapa Dar. Nahitaji raifo moja itakayofaa kwa swala pala na pia kwa pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Ikiwa vichwa vya risasi hizi ni vile vile, tofauti iko wapi?

Fundi wa Temeke:
Marahaba. Ni kweli kwamba zote mbili hubeba kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82, na kitako cha ganda nacho ni kimoja. Ile .30-06 ni ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1906, na ganda lake lina urefu wa milimita 63; .308 iliingia sokoni mwaka 1952, wakati baruti ilikuwa imeboreka kiasi kwamba ganda la milimita 51 liliweza kufanya karibu kazi ile ile. Kwa kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.7, risasi za kiwandani hutoka kwa mwendo wa mita 860 hivi kwa sekunde katika .308, na mita 887 katika .30-06. Swala pala aliyesimama hatua mia moja hataijua tofauti hiyo.

Mambo hubadilika unapopanda kutoka greni 180 kwenda 220. Kichwa kizito ni kirefu, na kwa kuwa urefu wa risasi nzima una mpaka wake, katika .308 hulazimika kuzama ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti, ilhali katika .30-06 nafasi bado inabaki. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa umemtaja pofu, mimi ningechukua .30-06, ingawa .308 hutumia baruti kidogo na husukuma bega kwa upole zaidi.

Mama wa Mbezi:
Fundi amesema vyema, ila mwanangu ajue kwamba kujaza ni kazi ya mizani na subira. Nilipojifunza, nililitupa ganda moja lililokuwa na mstari unaong'aa kama pete juu kidogo ya kitako, kwa sababu nilipopitisha ndani waya uliopindwa ncha, ulikwama kwenye mfereji: shaba ilikuwa imevutika na ganda lingekatika ndani ya chemba, pale risasi inapokaa bunduki inapofyatuliwa. Na hapa nyumbani usinunue hata kopo moja la baruti kabla ya kuwauliza polisi wanaoshughulikia leseni za silaha, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo.

Mkaazi wa Kigamboni:
Nawashukuru sana. Je, .30-06 yenye kichwa cha greni 220 inaweza kunifikisha hata kwa nyati?

Fundi wa Temeke:
Hapana, kijana wangu. Kwa nyati kanuni zetu zinadai risasi ya kipenyo cha inchi .375 kwenda juu, hata uijaze .30-06 kwa ustadi wa namna gani.