Picha za ngono kwenye kompyuta ya ofisi ya mheshimiwa: fundi afanye nini?

Fundi wa Mpakani

Hamjambo wote. Mimi ni mtumishi wa makao makuu ya wilaya moja mashariki mwa Uganda, na kazi yangu ni kutunza kompyuta, printa na mtandao wa ofisi. Wiki mbili zilizopita niliitwa katika ofisi ya mheshimiwa mmoja wa kamati tendaji ya wilaya kwa sababu kompyuta yake ilikuwa nzito mno, hata barua ya ukurasa mmoja ilichukua dakika kadhaa kufunguka. Nilipokuwa nikifuta mafaili ya muda ili kuipunguzia mzigo, nilikuta picha nyingi za ngono za watu wazima, ndogo kama stempu za barua, zimejaa katika hifadhi ya kivinjari. Nilifungua mbili tu, nikaizima mashine.

Bahati mbaya katibu muhtasi alikuwa amesimama nyuma yangu. Baada ya siku tatu habari ilikuwa imefika kantini, na baada ya siku tano nilipigiwa simu na mtu anayekitaka kiti cha mheshimiwa huyo, akaniomba nimnakilie picha hizo kwenye flashi, akaniahidi kwamba sitajuta. Mheshimiwa mwenyewe anasema hajui lolote kuhusu jambo hilo. Mkuu wangu wa idara ananiambia nifute kila kitu niendelee na kazi. Naomba ushauri: nikabidhi nini, nimkabidhi nani, na sheria ya Uganda inasema nini tangu ile ya kupinga ponografia ilipopelekwa mahakamani?

Wakili wa Mbale

Ndugu fundi, sheria hiyo ilitiwa saini Februari 2014, na wengi wanaikumbuka kwa jina la sheria ya sketi fupi. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu, kikiwemo kile kilichoeleza maana ya ponografia na kile kilichoikataza, kwa hiyo si rahisi leo kumshtaki mtu mzima kwa sababu tu amekutwa na picha za watu wazima. Picha za watoto ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inazihesabu kuwa jinai, na kama ungeona hata moja, ningekuambia uache kusoma hapa uende polisi sasa hivi.

Kinachobaki kwa mheshimiwa wako ni suala la mali ya umma. Kompyuta ile imenunuliwa kwa fedha za walipa kodi, na Sheria ya Maadili ya Uongozi ya 2002 inamtaka kiongozi aitumie mali ya umma kwa shughuli iliyokusudiwa, chini ya macho ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, yaani IGG. Usishangae kwamba mlango huu ni mwembamba kuliko kelele za kantini.

Lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni wewe. Ulikuwa na ruhusa ya kuitengeneza mashine, hukuwa na ruhusa ya kuchukua kilichomo na kumpa mpinzani wake, na ile ile sheria ya 2011 inaadhibu kuingia katika data bila idhini na kutoa habari ulizozipata kwa njia ya kazi. Ukiongeza Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, flashi moja inatosha kukufanya uwe mshtakiwa wa kwanza, huku mheshimiwa akiwa shahidi dhidi yako. Agizo la mkuu wako la kufuta lisikubalike kwa mdomo pia. Mwambie aliandike na kulitia saini, kisha utazame kama atarudi kulizungumzia.

Afande Mstaafu

Nimefanya upelelezi kwa miaka mingi, na katika kesi za namna hii swali la kwanza halihusu picha, linahusu mkono. Picha iko ndani ya mashine, sawa, lakini nani alikuwa amekaa kwenye kiti? Naomba unijibu mambo mawili kabla sijaendelea. Je, kompyuta hiyo ina akaunti ngapi za watumiaji? Na saa yake ilikuwa sahihi siku uliyoifungua?

Fundi wa Mpakani

Afande, umegusa pale pale. Akaunti ni moja tu, ina jina la ofisi, na neno la siri limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa chini ya kibodi. Kuhusu saa, ile betri ndogo ya ndani, inayofanana na sarafu, ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme unapokatika mashine inarudi tarehe 1 Januari 2012 na kuanza kuhesabu upya mpaka mtu akumbuke kuirekebisha. Mnaujua umeme wa huku kwetu. Karibu nusu ya picha hizo zina tarehe za Januari 2012, wakati ambapo mheshimiwa alikuwa bado mwalimu na kompyuta yenyewe ilikuwa haijanunuliwa.

Afande Mstaafu

Basi hapo huna kesi, una uvumi wenye picha. Wakili yeyote mwenye akili ataomba mahakama itazame tarehe hizo, atacheka kidogo, atakaa. Ongeza kwamba picha ndogondogo katika hifadhi ya kivinjari hujihifadhi zenyewe ukurasa unapofunguka, hata ule uliojifungua wenyewe kupitia tangazo. Sisemi mheshimiwa hana kosa. Nasema mashine hiyo haiwezi kukuambia.

Msomaji wa Kampala

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa Uingereza, na ningependa mheshimiwa wenu akisome kabla hajazungumza tena. Mwaka 2008 polisi walipekua ofisi ya bunge ya Damian Green, ambaye wakati huo alikuwa upande wa upinzani, wakitafuta nyaraka za serikali zilizovuja, na wakiwa katika kazi hiyo wakakuta picha za ngono kwenye kompyuta. Habari ilipolipuka Novemba 2017, Green alikuwa amepanda hadi kuwa msaidizi wa karibu wa Waziri Mkuu Theresa May. Mpelelezi mmoja mstaafu alidai hadharani kwamba hana shaka yoyote, kwa kuwa picha zilifunguliwa katikati ya barua pepe za kazi zilizotumwa kwa akaunti ya mbunge. Green alikana kuzipakua wala kuzitazama, na mpaka leo jambo hilo halijathibitishwa.

Hata hivyo aliondolewa serikalini tarehe 20 Desemba 2017, kwa sababu alitangaza kwamba hakuwahi kujulishwa kuwa picha zilipatikana, ilhali mawakili wake waliambiwa na polisi mwaka ule ule wa 2008. Maelezo yasiyo ya kweli yalimwangusha pale ambapo kompyuta ilishindwa. Nao polisi waliotoa siri hiyo hawakupigiwa makofi, kwani mkuu wa polisi wa London alisema wazi kwamba hawakupaswa kuifichua.

Kuhusu plasta ya fundi, tusijicheke peke yetu. Katika mjadala huo mbunge mwingine, Nadine Dorries, aliandika mtandaoni, kwa nia ya kumtetea mwenzake, kwamba wafanyakazi wake wote, pamoja na wanafunzi wa mafunzo kazini, huingia kwenye kompyuta yake kila siku kwa neno lake la siri.

Dada Karani

Nimewasoma nyote kwa heshima, na naona mmempa mheshimiwa mawakili watatu bila malipo. Mimi ni katibu muhtasi wa miaka kumi na minne. Neno la siri likiwa chini ya kibodi, anayeshukiwa wa kwanza ni nani? Ni mimi, au kijana anayekuja kuchapa barua zake za maombi ya kazi, au dereva. Mheshimiwa huwa wa mwisho. Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani nilifungua kompyuta asubuhi kuandika kumbukumbu za kikao, na ukurasa wa usiku ukajitokeza mbele yangu huku mgeni, mama mzee mwenye malalamiko ya shamba, ameketi upande wa pili wa meza. Niliigeuza skrini ikaangalia ukuta. Niliyeona haya siku ile ni mimi, na niliyeulizwa baadaye kwa nini nimeigeuza skrini ni mimi vilevile.

Afande anataka mkono, sawa. Lakini macho pia ni ushahidi. Aprili 2022 mbunge Neil Parish alitangaza kuachia kiti chake huko huko Uingereza bila kompyuta kupekuliwa, kwa sababu wabunge wenzake wanawake walimwona akitazama ponografia kwenye simu ndani ya bunge. Alieleza kwamba mara ya kwanza alikuwa akitafuta matrekta, naye ni mkulima kweli, ila alikiri kwamba mara ya pili alikusudia. Katika bunge la jimbo la Karnataka nchini India, Februari 2012, mawaziri watatu walijiuzulu baada ya kamera ya televisheni kuwanasa wawili wao wakitazama video ya ngono kwenye simu kikaoni. Fundi, je, kuna mtu aliyewahi kumuuliza yule katibu aliyesimama nyuma yako anachokijua, bila mheshimiwa wala mkuu wako kuwepo?

Wakili wa Mbale

Dada, nakubali, swali hilo nililiruka. Maelezo ya katibu yaandikwe, yatiwe saini, yaende kwa Afisa Mkuu wa Utawala, yaani CAO, kwa kuwa ndiye mtunzaji wa mali za wilaya. Yasipitie kwa mkuu wa idara wala kantini.

Fundi wa Mpakani

Nimerudi kuwaeleza nilichofanya. Sikufuta, sikunakili. Nilichomoa diski, nikaitia ndani ya bahasha ya kaki, CAO na mimi tukatia saini juu ya gundi, ikafungiwa kabatini kwake. Taarifa yangu ina mistari sita: namba ya mashine, tarehe ya kuifungua, akaunti moja, neno la siri lililo wazi, saa mbovu, na aina ya picha bila kutaja mwenye kuzitazama. Yule mtu wa flashi nimemzuia kwenye simu yangu.

Katibu muhtasi nilimfikishia swali la Dada Karani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama anaweza kumwandikia CAO moja kwa moja na kama anaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Jana alipeleka kurasa mbili. Sijui zina nini, na sikuuliza. Leo asubuhi mheshimiwa ametuma mtu kudai diski yake, akisema hotuba ya kikao cha baraza imo ndani.

Dada Karani

Hotuba ya mheshimiwa? Muulizeni katibu. Atakuwa nayo kwenye flashi yake, kwa sababu ndiye aliyeiandika.