Kukunja bawa makusudi juu ya ziwa: liwe sharti la cheti?

Kozi: Wapo wanaotaka mwanafunzi wa paraglaidi (kuruka angani kwa bawa la kitambaa) asipewe cheti kabla hajakunja bawa makusudi juu ya maji, boti ya uokoaji ikisubiri. Mapema mno! Mtu bado anaongozwa kwa redio kama mwanasesere. Kwanza ashinde uwanjani akilisimamisha bawa na kulituliza juu ya kichwa.

Membe: Mwanasesere? Redio imeokoa miguu mingi.

Kozi: Na imelemaza mikono. Bawa likijikunja kulia, linakuvuta kulia papo hapo. Uzito unahamia nyonga ya kushoto, breki (kamba inayovuta ukingo wa nyuma wa bawa) ya kushoto kidogo ya kushika mwelekeo, ndipo unapampu, yaani unavuta na kuachia breki ya, upande uliojikunja. Ukingoja amri, umechelewa.

Kipungu: "Kidogo", pigia mstari. Wengi kwa woga huvuta hadi kiunoni, upande uliokuwa mzima nao unaacha kuruka. Hilo uwanjani halifundishiki.

Kozi: Nani kasema linafundishika uwanjani? Soma tena.

Tiara: Bawa la EN A, daraja tulivu kuliko yote katika majaribio ya usalama ya Ulaya, hujifungua lenyewe. Kelele za nini?

Kipungu: Kwenye majaribio, hewa imetulia na kimo kipo. Mita 20 juu ya ardhi, hiyo A utaisoma ukiwa umelala.

Membe: Kozi anajibu wote ila mimi.

Kozi: Haya. Wakati wa kutua, nani anaamua breki zivutwe lini hadi mwisho? Sauti. Siku betri imekufa, mwanafunzi anavuta akiwa mita 5 juu, bawa linamwachia, anafikia mgongo.

Membe: Huyo kafundishwa vibaya, si kosa la redio.

Tiara: Mikanda ya miguu je? Kupaa bila kuifunga kunaua, na hakuhitaji ziwa wala redio.

Kipungu: Na parachuti ya akiba! Tazama mpini, shika, ng'oa, tupa kwa nguvu penye uwazi, kisha vuta bawa kuu ndani visigombane. Wangapi wamejaribu hata kwenye hanesi (kiti cha mikanda cha rubani) iliyoning'inizwa darini?

Tiara: Ukiitupa darini, nani ataifungasha upya?

Kipungu: Anayejua kufungasha. Hata isipotupwa, inafunguliwa, inapigwa hewa na kufungashwa upya kwa ratiba ya mtengenezaji. Ikikaa imebanwa, inachelewa kufunguka.

Kozi: Kwa hiyo ziwa mmelisahau?

Membe: Wewe umesahau kuomba radhi kwa "mwanasesere".