UZI: Watoto wa skuli wanakung'utishwa mchanga kwenye pwani yao wenyewe!!!

BintiMichenzani:
Nimeshuka garini sasa hivi, hata buibui sijavua, mikono inanitetemeka kwa hasira. Simtaji. Munamjua nyote. Yule mwenye hoteli kule kusini Unguja, mwenye geti refu kuliko minazi, anayejiona bahari kaizaa yeye.

Leo ilikuwa mandari ya skuli ya mwanangu. Watoto, mama zao, bibi zao, walimu. Tumebeba mabeseni ya pilau, katlesi, madumu ya juisi ya ukwaju. Tumepita njia ile ile wanayopita kina mama wa mwani kila siku. Tumekaa chini ya mivinje, hatujagusa kiti cha mtu, hatujaomba hata maji ya kunawa. Mara kaja mlinzi na redio yake: "Nani kawaruhusu?" Anataka elfu kumi kila kichwa, mtoto na mzee sawasawa. Elfu kumi ya nini? Ya kutazama maji yakipwa?

Tukasema yaishe, tunaondoka. Ndipo likaja lililonichoma. Watoto walikuwa wameokota simbi na makombe, wametia mifukoni. Akawapanga mstari getini, watoe. Wakatoa. Akawaambia wavue soksi wakung'ute mchanga. MCHANGA! Watoto na sare zao zimelowa, wanasimama mguu mmoja mmoja kukung'uta soksi, na wageni wanatazama huku wanakunywa madafu. Binti yangu alikuwa na simbi moja, ndogo kama punje ya hindi, kaificha kiganjani. Yule mlinzi akamfungua vidole. Kimoja kimoja.

Ardhi ya Zanzibar hii ni ya umma, imo kwenye Sheria Namba 12 ya 1992. Mwekezaji anakodishwa, hauziwi. Na elimu bure tulitangaziwa tangu tarehe 23 Septemba 1964. Sasa mtoto wa mtaani Ng'ambo, pale mjini, atajifunzia wapi bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, ubaoni? Mimi sikuja kubishana. Nataka nijue nani kamwambia mchanga una mwenyewe. Kamfungua vidole mwanangu, jamani! Mtoto wa miaka tisa!

Karafuu_Mbichi:
Kumbe bado yupo! Huyo huyo alimfukuza shangazi yangu na mwani wake, eti unawanukia wageni. Mwani ulikuwepo pwani ile yeye hajulikani yuko wapi.

Mchokozi_Darajani:
Mabeseni ya pilau na madumu? Dada, mulikwenda mandari au arusini? 😂😂 Mlinzi kaona mumehamia.

BintiMichenzani:
Mtoto kafunguliwa vidole, wewe unacheka pilau! Mungu anakuona.

Kijana_wa_Ughaibuni:
Huku Marekani mtoto wa darasa la nne anapewa pasi ya bure, kuanzia Septemba hadi Agosti. Anaingia nayo hifadhi za taifa na misitu ya serikali, na familia yake anaingia nayo, hata gari zima pale wanapolipisha kwa gari. Ilianza 2015 wakati wa Obama, na 2019 ikawekewa sheria. Hakuna anayemkagua soksi.

Mchokozi_Darajani:
Tulikuwa tunakungoja. Uzi haupiti bila ya wewe kututajia Marekani. Rudi kwanza ulipe deni la Bi mkubwa pale dukani.

Mwalimu_wa_Mjini:
Pasi hiyo mimi ningeanza nayo Jozani. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na kima punju asili yake ni Zanzibar tu, duniani kote hana kwao kwengine. Nasomesha watoto wanaomjua kwa picha ya kitabuni. Nikiomba gari ya safari naambiwa bajeti imekwisha, mwezi wa kwanza wa mwaka!

MpembaHalisi:
Nyinyi Unguja munadeka. Daladala inakushusheni mchangani. Sisi Pemba kuwapeleka watoto kisiwa cha Misali lazima tukodi mashua, na mwenye mashua hana habari ya skuli wala mandari, anataka chake mkononi. Msitu wa Ngezi nako ni mwisho wa dunia kwa mtoto wa Mkoani. Lakini uzi wa Pemba nani anausoma?

Mchokozi_Darajani:
Haya, Pemba imeshaingia, uzi umeharibika.

MpembaHalisi:
Karafuu zetu ndizo zilizokusomesha wewe, usinichokoze.

BintiMichenzani:
Jamani, turudi kwenye mada. Soksi! Mbele ya wageni! Nani anakwenda na mimi kwa sheha kesho asubuhi?

Mama_Nasra:
Mimi kesho nina mtihani wa mtoto, lakini niko nyuma yako. Na nyote munaozungumza vya bure, mumeona Forodhani? Bustani ya umma, kuingia bure, halafu mshikaki unauziwa bei ya Mtaliana. Juzi nimekaa na wanangu watatu tukanuka moshi tu, tukarudi.

Karafuu_Mbichi:
Hapo Mama Nasra umegusa! Na urojo siku hizi ni maji ya manjano. Bajia mbili, kiazi kimoja, chatne ya kulambishwa.

Mchokozi_Darajani:
Urojo wa wapi huo? Sema tuukimbie.

Karafuu_Mbichi:
Simtaji. Yule wa mwavuli mwekundu.

MpembaHalisi:
Njooni Chake mule urojo wa watu.