Naomba ushauri: kisima changu kando ya Mto Msimbazi kina bakteria wa kinyesi

Wakuu, habari zenu. Nalima mboga bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Maji ya mtoni niliacha kuyatumia wakati wa masika, vyoo vilipofurika (na wapo wanaovifungulia makusudi mvua ikinyesha, tunawaona). Nikachimba kisima kifupi, kama hatua ishirini kutoka mtoni. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu, nikajua nimepona. Kupeleka maabara, wamekuta E. coli, yaani hao bakteria wa kinyesi.

Nimetia klorini mara mbili. Yanatulia siku chache, nikipima tena yale yale. Nahisi maji ya mto yanapenya kwenye mchanga. Ya kunywa tunachemsha, hayo hayanipi shida. Hata mchicha unapikwa. Hofu yangu ni saladi na giligilani, maana huliwa mbichi, na kipindupindu tunakijua hapa mjini.

Je, nikimwagilia kwenye shina bila kulowesha majani, kisha nikaacha kumwagilia kabla ya kuvuna, itasaidia? Niache siku ngapi? Au nikifukie tu, nichimbe kirefu mbali na mto? Aliyewahi kupitia hili anisaidie, saladi inakaribia kuvunwa.