Bastola kwenye maegesho ya posta: katazo la silaha liishie wapi?

MWANZISHA MADA

Ndugu wasomaji, naomba tujadili swali ambalo mahakama za Marekani zimekuwa zikivutana nalo kwa zaidi ya miaka 15: mwananchi mwenye kibali halali cha kubeba bastola azuiwe kuingia nayo katika maeneo yapi ya serikali, na kwa sababu gani? Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Serikali ina haki ya kukataza silaha mahali ambapo yenyewe imebeba dhamana ya usalama wa kila anayeingia, yaani penye mlinzi mlangoni na ukaguzi wa kila mtu. Pale ambapo haikuweka chochote isipokuwa tangazo ukutani, haimlindi yeyote. Inamwondolea mtiifu wa sheria kinga yake na kumwacha mhalifu kama alivyokuja.

Sheria yenyewe iko hivi. Kifungu cha 930 cha sheria ya jinai ya shirikisho, kilichotungwa mwaka 1988, kinakataza silaha katika jengo lolote ambalo serikali ya shirikisho inalimiliki au imelipanga, na ambamo watumishi wake huwamo kwa kawaida wakifanya kazi. Adhabu yake hufika kifungo cha mwaka mmoja, au miwili ikiwa jengo ni la mahakama. Kifungu hicho kinakomea kwenye jengo. Shirika la Posta, kwa upande wake, lina kanuni kali zaidi inayofika hadi kwenye maegesho: huruhusiwi kubeba silaha wala kuihifadhi, hata ikiwa imefungiwa ndani ya gari.

Kanuni hiyo ndiyo iliyompeleka mahakamani mkazi mmoja wa Avon, mji mdogo wa milimani huko Colorado. Barua hazikupelekwa nyumbani kwake, hivyo alilazimika kuzifuata posta, na maegesho ya posta hiyo yalikuwa wazi, bila uzio wala mlinzi. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya wilaya alikubali kwamba mtu huyo aweza kuiacha bastola yake ndani ya gari lililofungwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Kumi ikatengua uamuzi huo kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Maana yake ni kwamba mtu anayeshuka kuchukua barua kwa dakika mbili analazimika kutoka nyumbani bila silaha, na kubaki bila silaha njiani, dukani na kila anakopitia hadi arudi. Katazo la eneo dogo limegeuka kuwa katazo la siku nzima.

Anayeniambia kwamba polisi watatulinda nitamkumbusha kesi nyingine ya jimbo hilohilo. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, mama mmoja aliwapigia polisi simu tena na tena akiwaeleza kwamba mumewe waliyetengana naye amewachukua mabinti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Polisi hawakwenda kuwatafuta, na watoto wote watatu wakauawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi watekeleze amri ile. Nikiisoma hukumu hiyo kando ya ile ya posta, naona serikali inayosema kwa sauti moja kwamba haiwajibiki kunilinda na kwamba hainiruhusu kujilinda. Hilo siwezi kulikubali.

Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu yenyewe, ilipotamka mwaka 2008 katika kesi ya Heller kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu binafsi ya kumiliki silaha, ilisema makatazo katika maeneo nyeti kama shule na majengo ya serikali hayakuguswa. Lakini mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, iliagiza kila katazo lipimwe kwa historia ya nchi, ikataja mabunge, vituo vya kupigia kura na mahakama, na ikakataa kisiwa kizima cha Manhattan, jijini New York, kiitwe eneo nyeti eti kwa kuwa kina watu wengi na polisi wengi. Mabunge na mahakama zilikuwa na maofisa wa kulinda utulivu tangu mwanzo. Baraza la Wawakilishi lina mpambe wake wa bunge tangu mwaka 1789. Posta ipo tangu 1775, na silaha hazikukatazwa humo hadi 1972. Kwa hoja hiyo ya historia, jaji wa shirikisho huko Tampa, Florida, alifuta Januari 2024 shtaka la dereva wa posta aliyekutwa na bastola kazini ilhali alikuwa na kibali, na Septemba 2025 jaji wa Fort Worth, Texas, naye akaona kwamba katazo la posta, pamoja na maegesho yake, haliwezi kusimama dhidi ya waliofungua kesi mbele yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mwanzisha mada, hoja yako ya mlinzi mlangoni ina nguvu hadi pale tunapokumbuka yaliyotokea Lansing, Michigan, tarehe 30 Aprili 2020. Siku hiyo walinzi walikuwepo. Polisi waliwapima waandamanaji joto la mwili mlangoni kwa sababu ya korona, kisha wakawaacha waingie katika jengo la bunge la jimbo na bunduki zao mabegani, kwa kuwa jimbo halikuwakataza. Wengine walipanda hadi roshani ya wageni. Chini yao maseneta walikuwa wanajadili muda wa hali ya dharura iliyotangazwa na Gavana Gretchen Whitmer, na baadhi yao walikaa kwenye viti vyao wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi.

Hakuna risasi iliyofyatuliwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Wewe unaihesabu silaha kuwa hatari pale tu inapoua, ilhali mbunge anayepiga kura akijua kwamba mtu aliyekasirika amesimama juu ya kichwa chake na bunduki, hapigi tena kura aliyotumwa na waliomchagua. Wiki moja baadaye Sarah Anthony, mwakilishi wa Lansing na mwanamke mweusi, alisindikizwa kuingia bungeni na raia waliobeba silaha ili naye ajisikie salama. Oktoba mwaka huohuo, watu waliokuwa wamehudhuria maandamano yale walikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwa njama ya kumteka gavana. Ilibidi ifike Januari 2021 ndipo silaha zinazobebwa waziwazi zikapigwa marufuku katika jengo lile, na Agosti 2023 ndipo marufuku ikapanuliwa hadi zile za kufichwa.

Kuhusu posta, umemzungumzia mteja wa dakika mbili na kumsahau mtumishi anayesimama nyuma ya kaunta zamu nzima. Tarehe 20 Agosti 1986, huko Edmond, Oklahoma, watumishi 14 wa posta waliuawa kazini kwa risasi na mfanyakazi mwenzao. Je, watu wale hawakustahili mahali pa kazi pasipo na bastola?

MCHANGIAJI WA PILI

Sitaingia katika ubishi wenu wa Katiba, ila nina neno kwa ndugu zetu wanaosoma hapa na ambao bado hawajawa raia wa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha chini ya sheria ya shirikisho, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa mambo machache kama leseni ya uwindaji. Tena sheria ya uhamiaji inasema kwamba mtu asiye raia akipatikana na hatia ya kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Kosa ambalo kwa raia lingeishia kwenye faini, kwako linaweza kukutenga na wanao. Hukumu ya Tampa au Fort Worth haijakukinga wewe uliyeko Kentucky, kwa hiyo mkiwa na miadi ya uhamiaji au mkienda posta, bastola ibaki nyumbani.

MWANZISHA MADA

Nakushukuru mchangiaji wa pili. Onyo hilo lina uzito kuliko hoja zetu, na naomba lisomwe na wote.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kuhusu bunge la Lansing hatuna ugomvi. Walinzi waliopima homa na kuziacha bunduki zipite hawakubeba dhamana niliyoisema, na bunge lina haki kamili ya kuwaondolea wageni silaha pale mlangoni. Ninachokiogopa ni kipimo chako. Ukiifanya hofu ya anayetazama kuwa msingi wa sheria, uliza kwanza ni hofu ya nani itakayosikilizwa. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, waliingia na bunduki katika jengo la bunge la California, Sacramento, kupinga muswada uliolenga kuwanyang'anya silaha walizobeba wakifuatilia mwenendo wa polisi mitaani Oakland. Muswada ule ulipita, na Gavana Ronald Reagan akautia saini mwaka huohuo. Hofu iliyosikilizwa haikuwa ya weusi wa Oakland waliokuwa wakipigwa na polisi.

Mauaji ya Edmond yanauma, lakini yalitokea wakati kanuni ya posta ilikwisha kuwapo kwa miaka 14, na muuaji alikuwa mtumishi aliyeijua. Ukisema mtumishi wa kaunta anastahili ulinzi, nakubaliana nawe kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nataka serikali igharimie mlinzi na ukaguzi, badala ya kujiridhisha kwamba kibandiko mlangoni kimemaliza kazi.

Kuhusu maegesho, mfano upo tayari ndani ya sheria za nchi hiyohiyo. Tangu tarehe 22 Februari 2010, mgeni wa hifadhi ya taifa kama Yellowstone anaruhusiwa kuwa na silaha kwenye njia za msituni na ndani ya gari lake ikiwa sheria ya jimbo inamruhusu, ila akifika kwenye kituo cha wageni chenye watumishi wa serikali, haingii nayo. Mpaka uko mlangoni, kila mtu anauona, na hifadhi zinaendelea kupokea wageni. Bunge la Marekani lingeweza kuufuata mpaka huo kwa posta bila kugusa jengo wala kaunta, na mkazi wa Avon angeifungia bastola ndani ya gari, akachukua barua zake, akaenda zake. Naomba anayefanya kazi posta, ikiwa yumo humu, atueleze: bastola iliyofungiwa ndani ya gari la mteja huko nje inampunguzia usalama kwa namna gani?