Tupeane uzoefu: umemfundishaje mtoto wa chekechea kuvuka barabara?

Habari zenu wazazi na walimu. Nafundisha chekechea Mbagala, karibu na Barabara ya Kilwa. Mwaka mzima niliwaimbisha "kulia, kushoto, kulia tena", darasa linaitikia vizuri kabisa. Siku nimewatoa nje kwa mazoezi, nasema kulia, nusu wanageukia kushoto! Walishika wimbo tu. Sasa nawafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia chakula. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo la kwanza kukufikia linatokea upande wa uzi. Nyie mnafanyaje?

Mama, Tabata: Mimi nilikosea, mwalimu. Nilimwambia wangu gari likisimama kwenye zebra, vuka. Daladala likasimama, akaniponyoka mkononi, bodaboda ikachomoka ubavuni mwa daladala ikapita na chupa yake ya maji. Chupa tu, namshukuru Mungu. Siku hizi tukifika kwenye pua ya gari lililosimama tunasimama tena, tunachungulia, ndipo tunamalizia.

Dereva wa basi la shule: Watoto hawa wanaamini wakiliona gari basi na dereva kawaona. Nilizima Koasta, nikawapandisha mmoja mmoja kwenye kiti changu, wenzao wakachuchumaa mbele ya bampa. "Unamwona nani?" "Simwoni mtu, anko." Akishuka anawakuta watano wamejipanga pale pale. Kuanzia hapo wakishuka wanasubiri ukutani mpaka niondoke, hata nisipowakumbusha.

Baba, Magomeni: Tunaokaa kando ya Barabara ya Morogoro tuna kazi ya ziada. Ile njia ya mabasi ya mwendokasi katikati muihesabu kama barabara nyingine. Nasimama na binti yangu, tunaanza kuangalia upya.

Mwalimu, Mbagala: Dereva, hilo la bampa nalichukua, naongea na wa kwetu wiki hii. Swali: wanaochukuliwa na kaka zao wa darasa la pili, mnawaruhusu?

Mama, Tabata: Hapana mwalimu, usiwaachie. Wa darasa la pili mwenyewe bado hajui kukadiria mwendo wa gari, akiliona mbali anadhani ana muda. Sisi mtaani tunapokezana, wazazi wanne, kila mmoja na siku yake. Ijumaa ni yangu, napeleka watoto saba.